Mtoto alipungua gramu 350 ndani ya siku tano, na maziwa yalikuwepo. Mnaotarajia mtoto, someni

#1 BabaNuru

Habari za usiku wakuu. Saa tisa usiku hii, mtoto yuko begani kwangu nasubiri acheue, mama yake amelala. Binti yetu ametimiza wiki sita leo. Nilijiahidi kwamba akifika hapa salama nitaandika, maana kuna mtu humu mke wake yuko miezi ya mwisho na hakuna aliyemwambia haya.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, mtoto kilo 3.2, uzao wetu wa kwanza. Tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu: beseni, kanga, nepi za kitambaa dazeni mbili, hela ya dharura. Lakini namna mtoto anavyoshika titi hatukujifunza, si yeye wala mimi. Tulidhani hilo linakuja lenyewe.

Wodi ilikuwa imejaa na wauguzi walikuwa wawili tu kwa zamu. Mtoto aliletwa kwa mama yake baada ya saa kadhaa, mama kidonda kinamuuma, akawekewa titi, akanyonya kidogo akalala. Muuguzi akapita akauliza, "Ananyonya?" Tukajibu ndiyo. Akaandika. Kumbe mtoto alikuwa anabana chuchu kwa fizi tu.

Siku ya pili chuchu zikaanza kuchanika. Siku ya tatu mke wangu akawa anauma kanga kila mtoto akisogezwa kifuani. Wageni wakawa wanaingia, kila mmoja na neno lake: maziwa hayajashuka, mtoto ana njaa, mpeni maji ya glukosi, mnunulieni la kopo. Tukampa glukosi kwa kijiko. Akalala. Akalala sana. Tukawa tunamsifu, jamani mtoto mpole huyu, hata usiku hasumbui. Ile sifa ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Siku ya nne alilowanisha nepi mbili kutwa nzima, na ya pili ilikuwa na doa la rangi ya tofali la kuchoma. Tulishtuka, halafu tukajituliza kwamba labda watoto wa kike ndivyo walivyo.

Mama mkwe alifika siku ya tano asubuhi kutoka Muheza na kapu lake: nazi, pilipili manga, unga wa mchele. Alipompokea mjukuu akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Baba, mtoto amesinyaa huyu. Maziwa ya mwanangu mepesi. Ngoja nimpikie uji, nimpe yale maji ya juu tu." Ndivyo walivyolea kwao, na alisema kwa mapenzi. Nikamjibu, "Sawa mama, ila naomba kwanza tumwite bibi wa nyumba ya pili, alikuwa mkunga."

Bibi alikuja. Amefanya kazi wodi ya wazazi zaidi ya miaka thelathini. Alinawa mikono, akamvua mtoto nguo zote, akaivuta kidogo ngozi ya tumbo, akagusa utosi, akatia kidole mdomoni. Akauliza nepi ngapi tangu jana. Kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, huyu hajalala. Huyu ameishiwa nguvu. Tafuta usafiri sasa hivi, mengine tutaongea njiani."

Kwenye bajaji alimwomba ruhusa mke wangu, akaweka vidole viwili nyuma kidogo ya chuchu, akaminya kuelekea kifuani kisha mbele. Maziwa yakaruka mpaka kwenye kanga. Mke wangu akaangua kilio. Siku tano zote anaambiwa hana maziwa.

Mizani ikasoma kilo 2.85. Mtoto mchanga kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini wetu alikuwa amepita sehemu ya kumi ya uzito wake. Sukari ilikuwa chini na manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) yamepanda, akawekwa chini ya taa siku mbili. Mke wangu akawa anakamua, mimi namnywesha kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Sikumwagia mdomoni. Unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na yeye mwenyewe analamba.

Alipopata nguvu ndipo bibi akaja kutufundisha. Ilichukua kama nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo tuliyoikosa siku ya kwanza.

Alimkalisha mke wangu wima kwanza, mto mgongoni, mabega yashuke. Kwa sababu ya kidonda, mtoto alilazwa ubavuni mwa mama, miguu ikipita chini ya kwapa kuelekea nyuma, ili asiguse mshono. Kichwa, shingo na mwili vikae mstari mmoja, maana hata sisi hatuwezi kumeza vizuri shingo imepinda. Pua ya mtoto ielekee chuchu. Kisha unagusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, UNANGOJA. Hapa ndipo sisi tulikuwa tunakosea, tulikuwa tunamsukumizia. Unangoja mpaka afungue mdomo wote kama anayepiga miayo, ndipo unamleta yeye kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Usimpelekee titi, utainama na mgongo utakufa.

Akishika vizuri unaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa, na lile duara jeusi linaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Atanyonya haraka haraka mwanzoni, halafu taratibu kwa kuvuta kirefu, na utasikia akimeza: kh... kh... Ukisikia maumivu makali yanayoendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo umwachishe, uanze upya. Chuchu ikitoka imebonyea na kuchongoka upande mmoja, ujue ilibanwa.

Mara ya kwanza aliposhika sawasawa mke wangu aliniangalia kwa mshangao akasema, "Haiumi."

Siku ya 14 alisoma kilo 3.22. Mama mkwe aliona kwa macho yake. Uji wa pilipili manga akaupika, akampa mwanawe, akakaa naye mpaka bakuli likaisha.

Akina baba wenzangu, kazi yetu ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ninaandika nepi nyuma ya kalenda, za mkojo na za choo. Ninaosha na kuchemsha kikombe. Mtoto akimaliza titi ninampokea nimcheulishe ili mama apate usingizi. Akinyonya ninamletea mama maji ya kunywa, kiu inamshika papo hapo. Na wageni ninawapokea sebuleni. Neno "maziwa yako hayatoshi" limepigwa marufuku kuvuka mlango wa chumba kile.

#2 Mwana_Nyakahoja

Pole na hongera sana mkuu. Swali: kwetu maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, wazee walisema ni machafu, yakamuliwe na kumwagwa mpaka yatoke meupe. Mke wangu anajifungua mwezi ujao na mama yangu atakuja kumhudumia. Nimwambie nini?

#3 MkungaMstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Baba Nuru, nimesoma uzi wako mara mbili. Huyo bibi jirani yenu mshikeni.

Mwana_Nyakahoja, hiyo ni dang'a, usikubali imwagwe hata tone. Inatoka kidogo kwa sababu tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo: kijiko kimoja cha chai, hata chini ya hapo, kinamtosha kwa mlo mmoja. Ndani yake kuna kinga dhidi ya maradhi, na inamsaidia kutoa kile choo cheusi cha kwanza, jambo linalopunguza manjano. Mwambie mama yako kwa adabu: "Mama, hii ndiyo chanjo yake ya kwanza." Kina mama wakubwa wengi nimewaambia hivyo wakanielewa. Wao ndio watakaokuwa na mzazi saa 24, kwa hiyo wafundishwe, wasifukuzwe.

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Hata wa upasuaji, mama akiwa macho na hali yake nzuri, inawezekana kabisa. Ombeni hilo mapema, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Maziwa mengi yanakuja kati ya siku ya pili na ya nne. Hapo katikati ndipo watu wanapoingiza glukosi na kopo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtoto akishiba glukosi hanyonyi. Asiponyonya, titi halipati taarifa kwamba maziwa yanahitajika. Titi lililojaa na kuachwa linapunguza utengenezaji, linalokamuliwa au kunyonywa linaongeza. Supu, mtori, pweza, karanga, mpeni mzazi ale ashibe, anahitaji nguvu. Lakini ampatie mtoto titi mara 8 mpaka 12 kwa siku, na za usiku zimo. Kama mtoto ni mlalaji siku hizi za mwanzo, mwamsheni. Mfungueni nguo, mpanguseni miguu, mbadilisheni nepi.

Baba Nuru ametaja nepi, naomba nizisisitize kwa sababu ndizo mizani ya nyumbani. Siku ya kwanza mkojo angalau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi. Choo kinaanza cheusi kama lami, kinageuka kijani, na ikifika siku ya tano kiwe cha njano chepesi. Doa la rangi ya tofali siku ya kwanza au ya pili linaweza kutokea, lakini siku ya nne na nepi chache, ni dalili ya kwamba hapati maziwa ya kutosha. Uzito wa kuzaliwa arudie ndani ya wiki mbili. Kulia peke yake sio kipimo, na kunyamaza sio kipimo.

Ambayo hayasubiri kesho: mtoto haamki kunyonya, mwili wa moto au wa baridi, degedege, kupumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani akivuta pumzi, manjano yakifika viganjani na nyayoni. Nenda usiku huohuo. Na manjano ya hivyo hayatibiwi kwa kumwanika juani.

#4 Kaka_Temeke

Mkunga, joto la Dar la Januari unalijua. Hata maji ya kuchemsha vijiko viwili?

#5 MkungaMstaafu

Hata kimoja, baba. Maziwa ya mama karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Akiwa na kiu atanyonya mara nyingi zaidi, basi. Maji, uji, maji ya mchango, dawa za tumbo za chupa, vyote vinakaa nje mpaka miezi sita. Dawa aliyoandikiwa na daktari hiyo apewe.

#6 MamaPacha_Moro

Niongezee la kazini, maana nililia sana kwa hili. Nilirudi kazini mapacha wakiwa na miezi mitatu na bosi akaniambia kutoka kwenda kunyonyesha ni uvivu. Dada mmoja wa chama cha wafanyakazi akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi siku 84 kwa mtoto mmoja, siku 100 ukizaa zaidi ya mmoja kwa pamoja, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nilikwenda nayo imechapishwa, nikaiweka mezani kwa heshima. Nilipewa.

Nilikuwa nakamua alfajiri na mchana kwa mkono, kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa. Kwenye friji, sehemu ya ndani sio mlangoni, yanakaa mpaka siku nne. Nje ya friji sikuyaacha kufikisha hata muda wa saa nne, kwa joto letu hili. Dada wa nyumbani nilimfundisha kuyapasha kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, asiyachemshe, na kuwanywesha kwa kikombe.

#7 Njoki_wa_Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya likizo ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Wengi hawajatenga, lakini ukiitaja wanasikia.

Wangu alizaliwa kabla ya wakati, kilo 1.4, hakuweza kunyonya. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi mchana kutwa, ule mtindo wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za kuwatunza watoto zilikuwa hazitoshi. Nilikamua kila baada ya saa tatu, akilishwa kwa mrija. Siku za kwanza nilipata matone tu, muuguzi akayanyonya kwa sindano yote, akaniambia, "Mamake, hii ni dhahabu." Nairobi, hospitali ya Pumwani wana benki ya maziwa ya mama tangu 2019, kina mama wenye ziada wanatoa kwa watoto kama wangu. Natamani ifike kila kaunti.

#8 Mzee_wa_Busara

Hakuna aliyetaja kubemenda. Mtoto anadhoofika wazazi wakikutana kabla hajaacha ziwa. Hili tumelikuta, mnalifichaje?

#9 MkungaMstaafu

Hatulifichi mzee wangu, na ni vizuri umeuliza wazi. Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa wala haliyachafui. Lakini nakuambia nilichokiona: mtoto anaharisha au hanenepi, familia inakaa wiki nzima kutafuta nani amekosea, mama anaona aibu kumpeleka kliniki, wengine wanamwachisha ziwa ghafla. Watoto wa namna hiyo nimewapokea wakiwa wamechelewa.

Kitu cha kweli kilichokuwa nyuma ya mila ile ni mimba za kufuatana, kwa sababu mtoto wa kwanza alinyang'anywa ziwa mapema. Kwa hilo tuna njia. Mama anayenyonyesha bila kuchanganya chochote, mchana na usiku, hajaona hedhi na mtoto hajafika miezi sita, ana kinga dhidi ya mimba zaidi ya asilimia 98. Moja ya hayo matatu likivunjika, aende kliniki achague njia nyingine.

#10 NimeamuaKuishi

Nasoma humu miaka mingi, leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Ninaishi na VVU. Nilipojifungua, wifi yangu alisema kumnyonyesha mtoto ni kumuua. Kliniki waliniambia: tumia dawa zako kila siku bila kukosa, mtoto apewe dawa yake ya maji, mnyonyeshe maziwa yako PEKE YAKE miezi sita. Kibaya zaidi ni kuchanganya, leo titi kesho uji, kwa sababu vyakula vingine vinakwaruza utumbo wake mchanga na virusi vinapata njia. Virusi vyangu vimefubazwa. Alipimwa wiki ya sita, akapimwa tena na tena, na cha mwisho baada ya kuacha ziwa. Hana. Sasa anakimbia nyumba nzima. Dada yeyote mwenye hofu kama yangu, usiache dawa na usijiamulie peke yako, rudi kliniki.

#11 MjombaMlezi

Mimi sina mama wa kumnyonyesha. Dada yangu alifariki akijifungua, nimebaki na mtoto wa wiki mbili na mke wangu. Tunampa ya kopo. Nikisoma uzi huu moyo unaniuma kama vile tunamfanyia kosa.

#12 BabaNuru

Pole sana ndugu yangu. Mungu ampumzishe dada. Hakuna kosa hata moja hapo, mnamwokoa mtoto.

#13 MkungaMstaafu

Pole sana mjomba. Kwa mtoto wako kopo ndilo dawa, na mlitumie bila aibu. Fuata vipimo vya kopo lenyewe: usiongeze maji ili lidumu, watoto wanadhoofu hivyo. Maji yachemke, yapoe kidogo yakiwa bado ya moto sana, nyuzi 70 au zaidi, ndipo utie unga, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha mpoozee, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yakipita saa mbili tangu uyatengeneze, mwaga. Mnyweshe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Maziwa ya ng'ombe bado, hata wakikuambia uyazimue. Mpakate wakati anakunywa, mwangaliane. Na mpeleke kliniki kupimwa uzito kila tarehe aliyopangiwa. Mwambie mkeo nimemshukuru.

#14 Kijana_Kibaha

Wakuu nisaidieni haraka. Wetu ana siku nne, nimekwenda kuhesabu nepi baada ya kusoma hapa. Mbili tu tangu jana asubuhi. Analala sana. Mama mzazi anasema tumwache apumzike.

#15 BabaNuru

Kaka, usimwache apumzike. Beba kadi ya kliniki, mke na mtoto, ondokeni sasa. Mama mwambie shikamoo, mwambie tunakwenda kumpima uzito tu, naye akipenda aje. Njiani mke amweke kifuani ngozi kwa ngozi, ajaribu kumpa titi. Ukifika sema hivi: siku nne, nepi mbili, haamki kunyonya. Andika hapa ukifika.

#16 Kijana_Kibaha

Tumefika, samahani simu ilikuwa imezima. Alizaliwa kilo 3.0, sasa 2.76. Wamempima sukari, ni nzuri. Muuguzi amekaa na mke wangu, amembadilisha mkao, amemwonyesha kungoja mdomo ufunguke. Mama yangu yupo naye, ndiye anayeshika mto.

Nimesogeza sikio karibu. Anameza.